Robine Ikikauka, Nani Asikie Kwanza?



Oktoba 2015, jarida moja la kimataifa la kitabibu lilichapisha utafiti kuhusu mji wetu wa Uvira. Watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walikuwa wamelinganisha hesabu za aina mbili. Za kwanza ni za REGIDESO, shirika la maji: kila siku maji kiasi gani yamesukumwa kwenye mabomba ya Uvira. Za pili ni za kituo cha kutibia kolera: kila siku wamelazwa wagonjwa wangapi. Walichukua miaka ya 2009 hadi 2014, wakafuata siku moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba baada ya siku ambayo robine hazikutoa maji kabisa, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155 kuliko baada ya siku ambayo maji yalitoka vizuri. Ni zaidi kidogo ya mara mbili na nusu. Na katika wagonjwa wote wa kipindi kile, asilimia 23 hivi walihesabiwa kuwa ni kwa sababu ya maji ya robine kupungua au kukosekana.

Nimeitwa kuzungumza juu ya fomu za mtandaoni na milisho ya habari, na nimeanza na kolera kwa makusudi. Hesabu hizo zinatuambia kwamba maji yakikatika kartie ya Kalundu leo, ile si habari ya REGIDESO peke yake. Ni habari ya hospitali. Mama anayeshika bidoni kwenda ziwani au kwenye mto Mulongwe ameanza kuhesabu zile siku 12 bila kujua. Angejua mapema, angetia dawa ya klorini kwenye maji yake, au angeyachemsha, au wenye dawa wangeshuka ufukweni asubuhi ile ile kutia klorini kwenye ndoo za watu. Vyote hivyo tunavijua na vinafanyika hapa. Kinachokosekana ni habari kufika kwa saa chache badala ya kufika kwa wiki. Nami nasema kwamba vyombo vya kuifikisha vipo tayari, vingine ni vya bure, na havihitaji mtu aliyesomea kuandika programu. Nasema pia kwamba havifai kitu kama mtu aliyetoa habari si wa kwanza kurudishiwa.

Uvira imeulizwa maswali mengi. Mafuriko ya Aprili 2020 yalipopita, baada ya mito Mulongwe, Kavimvira na Kalimabenge kuteremka kutoka milimani na mawe, ikaua makumi ya watu, ikaharibu na mitambo ya maji, watu wenye simu na fulana za mashirika walizunguka nyumba kwa nyumba. Umepoteza nini? Mnalala wapi? Mnakunywa maji gani? Kabla ya hapo waliulizwa wakimbizi wa Burundi waliopokelewa tangu 2015, hadi kambi ya Lusenda kule Fizi. Wakahojiwa waliokimbia vita kutoka milima ya Hauts-Plateaux. Nyingi ya fomu hizo hujazwa kwa chombo kimoja, KoboToolbox, na chombo hicho kina uhusiano na nchi yetu. Patrick Vinck na Phuong Pham, walioanzisha kazi hiyo, ndio walioongoza uchunguzi mkubwa huku mashariki mwaka 2007, wakiuliza maelfu ya watu kuhusu amani na haki. Programu ya simu wanayoitumia imejengwa juu ya Open Data Kit, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Sifa yake kubwa kwetu ni moja: mtu hujaza fomu mahali pasipo na mtandao, simu inahifadhi jibu, na ikipata mtandao inalituma.

Jibu likishatumwa, linapanda. Linakwenda kwenye kompyuta ya mbali, linashuka kwenye jedwali la ofisi ya Bukavu au Kinshasa, linakuwa ripoti ya Kifaransa au Kiingereza, ripoti inawekwa kwenye tovuti ya ReliefWeb, na huko inasomwa na watu wa Geneva na New York. Silaumu mtu. Njia ilijengwa hivyo kwa sababu anayelipa yuko huko, na anataka kujua fedha zake ziende wapi. Lakini mama wa Kasenga aliyekaa nusu saa akijibu maswali 60 hajawahi kuletewa karatasi ya kumwambia: hivi ndivyo mlivyojibu wenyeji wa kartie yenu, na hivi ndivyo hali ilivyo leo. Ametoa habari, na kwa habari ya mji wake mwenyewe anasubiri ujumbe wa sauti uliopita katika makundi kumi ya WhatsApp, usiojulikana umetoka kwa nani wala siku gani.

Hapa ndipo mlisho wa habari unapoingia, na nitaueleza kwa ufupi kwa sababu ni kitu chepesi. Mlisho ni faili moja iliyokaa mtandaoni kwenye anwani isiyobadilika, mfano wa ubao wa matangazo mbele ya ofisi ya shefu: kila tangazo jipya linabandikwa juu, likiwa na kichwa, maelezo, tarehe na namba yake. Anayetaka kujua haendi kuomba kwa mtu. Kompyuta yake inachungulia anwani ile, ikikuta tangazo jipya inamletea. Muundo huo, unaoitwa RSS, ulitoka kwa kampuni ya Netscape mwaka 1999, na toleo tunalolitumia hadi leo ni la 2002. Google ilipofunga kisomeo chake cha milisho Julai 2013, wengi walidhani mambo yamekwisha, lakini vipindi vya sauti ambavyo vijana wetu wanavipakua kwenye simu bado husafiri kwa RSS hiyo hiyo. Chombo cha zamani, kisicho na mwenye kukimiliki, na chepesi sana kwa mega za intaneti. Faili ya matangazo 20 ya maneno matupu ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Kwa mtu anayenunua mega kwa siku, jambo hilo lina uzito.

Kati ya fomu na mlisho panahitajika mkono wa kubeba. Zamani mkono huo ulikuwa mwandishi wa programu. Leo kuna huduma zinazounganisha chombo kimoja na kingine kwa kuchagua na kubonyeza tu: IFTTT ya 2010, Zapier ya 2011, Make iliyozaliwa Prague ikiitwa Integromat, na n8n iliyotoka Berlin mwaka 2019, ambayo unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Zote zinazungumza lugha moja: hili likitokea, fanya lile. Jibu jipya likiingia kwenye jedwali, chukua safu ya kartie, safu ya hali ya maji na safu ya saa, uzipange kuwa tangazo, ulibandike kwenye mlisho. Kijana anayeweza kutuma fedha kwa M-Pesa bila kukosea namba ataweza kuunganisha mnyororo huo kwa mchana mmoja.

Tuujenge basi, hapa hapa, kwa ajili ya maji.

Mwanzo ni fomu, na fomu iwe fupi. Reko wetu, wale wajitolea wa afya wa makartie, wana kazi zao, watoto wao na njaa yao. Maswali matatu yanatosha. Kartie gani? Maji yanatoka vizuri, yanatoka kidogo, au hayatoki? Tangu lini? Kartie ichaguliwe kwenye orodha, isiandikwe kwa mkono, maana mmoja ataandika Kavimvira, mwingine Kanvinvira, na mashine itahesabu kartie mbili. Swali la tatu ndilo lenye mtego. Reko akiandika «saa 2», ni saa mbili yetu ya asubuhi, au ni saa mbili ya Kifaransa baada ya usiku wa manane? Huku kwetu mtu mmoja hutumia zote mbili katika mazungumzo mamoja, na wenziwe wanamwelewa kwa kuangalia jua. Mashine haioni jua. Kwa hiyo asiandike saa. Achague: tangu alfajiri, tangu mchana, tangu jana. Na simu yenyewe irekodi saa ya kujaza. Mwenye kuunganisha mnyororo ahakikishe kuwa huduma imewekwa kwenye saa ya mashariki ya Kongo, iliyo mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Wengi huchagua Kinshasa kwa kuwa ndilo jina la kwanza la Kongo wanaloliona kwenye orodha, kisha tangazo la asubuhi linasomeka kana kwamba limetangulia jambo lenyewe.

Majibu yanaingia kwenye jedwali. KoboToolbox inaweza kusukuma kila jibu nje mara tu linapofika. Fomu za Google zinaandika zenyewe kwenye jedwali la Google. Tofauti ni kwamba fomu ya Google inadai mtandao wakati wa kujaza. Kwa Mulongwe katikati ya mji si tatizo kubwa. Kwa Makobola au Swima ni tatizo. Mimi ningechagua ile inayosubiri mtandao.

Kutoka kwenye jedwali, mnyororo ungeweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye mlisho, na hapo ndipo ninapowaomba msimame nami kwa muda mrefu kidogo. Wanaouza huduma hizi husifu mwendo: jibu limeingia, habari imetoka, hakuna mkono uliogusa. Kwa duka linalopokea oda za viatu, ni sawa. Kwa habari ya mji, mashine inayotangaza bila mtu kutazama ni uvumi wenye mbio zaidi kuliko ule wa WhatsApp, na wenye heshima ya uongo, kwa kuwa umeandikwa vizuri na una tarehe.

Ndugu zetu wa Kenya walijifunza jambo hili mapema. Ushahidi ilipozaliwa Nairobi Januari 2008, katika vurugu zilizofuata uchaguzi, watu walituma taarifa kwa simu na kwa mtandao, nazo zikawekwa kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka huo huo ilifunguliwa ramani ya Kongo mashariki, wakati vita vilipoikaribia Goma. Kupokea taarifa si kazi ngumu. Shida ni kujua ipi ni kweli, ipi ni ya jana, ipi ni ya mtu mmoja aliyeituma mara tano, na ipi imetumwa na mwenye nia yake.

Kwa hiyo katikati ya mnyororo tuweke mlango, na mlangoni mtu. Kwenye jedwali iongezwe safu moja tupu. Mtu wa zamu anasoma jibu, anapiga simu moja au mbili, akiridhika anaandika NDIYO. Mashine haitazami jibu jipya. Inatazama neno hilo. Lisipoandikwa, hakuna kinachotoka. KoboToolbox ina alama zake za kukubali, kukataa na kusubirisha jibu, nazo zinafaa kwa kuweka kumbukumbu, lakini mkumbuke kwamba husukuma jibu pale linapoingia, kabla hamjalikubali. Ndiyo maana nasema mlango uwekwe baada ya jedwali, si kabla.

Mtu huyo wa mlangoni ni nani? Nionavyo mimi wawe wawili wanaopokezana: mmoja wa ofisi kuu ya eneo la afya, mmoja wa redio. Wa afya anajua siku moja bila maji ina maana gani. Wa redio anajua kuuliza: umeona mwenyewe au umeambiwa? Wakipokea majibu matatu ya kartie moja yanayokubaliana, wawapigie REGIDESO. Mashine inaweza kuhesabu tatu vizuri kuliko sisi. Haiwezi kujua kuwa reko watatu walikaa chini ya mwembe mmoja wakanakiliana.

Mtaniuliza: na mto ukipanda usiku? Mnakumbuka Aprili 2020. Mwenye zamu amelala, mlango umefungwa, maji yanaingia nyumbani. Hilo ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba mto uwe na fomu yake, usipite njia ile ile. Jibu la «mto unapanda» lisiende kwenye mlisho wa watu wote. Mashine ilipeleke papo hapo, bila kungoja NDIYO, kwenye simu za watu wachache waliokubali kuamshwa: shefu wa kartie ya juu, shefu wa kartie ya chini, mtu wa ulinzi wa raia, mtangazaji. Wao ni binadamu na wataamua ndani ya dakika. Lakini msiikabidhi huduma ya bure kazi ya namna hiyo. Zapier kwa akaunti isiyolipiwa huchungulia jedwali kila baada ya dakika 15, na mto Kavimvira haungoji dakika 15. Akaunti hiyo pia ina kikomo cha kazi 100 kwa mwezi. Reko 40 wakituma jibu moja moja kila siku, siku ya tatu mmekwisha vuka kikomo, na hakuna atakayesikia kengele. Simu ya mtu kwa mtu, kutoka Kalimabenge ya juu hadi Kalimabenge ya chini, bado ndiyo njia ya kwanza ya kuokoa watoto. Mnyororo uje nyuma yake.

Turudi kwenye maji, maana huko mnyororo una nguvu zaidi: jambo linachukua siku, wala si dakika, na saa tatu za kuhakikisha hazimwui mtu.

Mlisho ukishapata tangazo, nani anausoma? Si mama wa Kasenga kwa simu yake ya vitufe. Anausoma mtangazaji. Kompyuta ya chumba cha habari inafunguliwa saa kumi na moja jioni, matangazo yaliyopita mlangoni yapo yamepangwa, na katika taarifa ya Kiswahili anasema: Kalundu, robine hazitoi maji tangu alfajiri, wenye kuchota ziwani watie dawa. Kifuliiru kifuate, Kivira kifuate. Redio za hapa zimezoea kuishi kwa habari za kuletewa kwa mguu. Sasa zitakuwa na daftari moja ambalo zote zinalisoma, na hakuna atakayedai kuwa mwenzake ameiba habari. Mlisho huo huo unaweza kuingia wenyewe kwenye chaneli ya Telegram. WhatsApp imefungwa zaidi, haikubali kwa urahisi mashine iandike kwenye kundi, kwa hiyo kila kundi la kartie liwe na mtu wa kunakili. Ofisi ya eneo la afya iusome, REGIDESO iusome, na wale wa Geneva pia waruhusiwe kuusoma, siku ile ile na sisi, si kabla yetu.

Na reko aliyejaza fomu apate ujumbe mfupi: taarifa yako imepita, itasomwa leo jioni. Au: haikupita, kwa sababu hii. Kuunganisha hatua hiyo ni kubonyeza mara chache tu, na bila hiyo, baada ya miezi miwili reko wataacha kujaza, nami nitasimama upande wao.

Kuna jambo ambalo mnyororo huu hauwezi kulitibu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba ulifurika katika sekta ya Ngandja, kusini mwa Fizi, ukazikuta familia zimelala. Viongozi wa huko walitaja waliokufa zaidi ya 100. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa tu, na simu haikamati. Wafu walikuwa wanaokotwa, nasi wa kaskazini tulikuwa hatujui lolote. Hakuna fomu wala mlisho ungeita kutoka huko usiku ule. Ninachoweza kusema ni kidogo: simu yenye fomu isiyohitaji mtandao ingesafiri mfukoni mwa nahodha wa boti hadi pale mtandao unapoanza, na huko ingetuma yenyewe. Lakini ili jibu kama hilo lisipotoshe, kila tangazo lazima libebe saa mbili, saa ya kuona na saa ya kufika. Mtangazaji aseme: hili lilionekana juzi usiku, limetufikia leo mchana. Mnara wa simu ni dai jingine, nalo tuendelee kulidai kwa sauti.

Sasa usalama, na hapa sitapunguza maneno. Februari 2025 Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia hapa. Desemba ya mwaka huo vita vikaingia Uvira yenyewe. Katika mji ulioona hayo, jedwali lenye majina, namba za simu na alama za mahali nyumba zilipo ni kitu cha hatari. Haijalishi kwamba swali lilikuwa la maji. Anayetaka kujua nani anapiga simu kwa nani atafurahi kulipata. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023, inayogusa ulinzi wa habari za mtu binafsi, na yafaa waanzishaji waisome. Lakini usiku sheria haisimami mlangoni mwa reko. Kinachomlinda ni kile ambacho hatukukiandika.

Fomu isichukue mahali kwa setilaiti. Jina la kartie linatosha. Reko awe na namba, na orodha ya namba na majina ikae kwenye karatasi, mahali pamoja, kwa mtu mmoja. Fomu hii isiulize kamwe juu ya askari, silaha, vizuizi vya barabarani wala nani amepita. Hata mtu akisema kuwa habari hizo zina faida, zina faida kweli, lakini siku reko wa maji akidhaniwa kuwa mpelelezi, tumempoteza yeye na tumepoteza maji. Na katika kuunganisha mnyororo, kila safu huchaguliwa kwa kubonyeza: hii ipande, hii isipande. Bonyezo moja la kukosea linaweza kupandisha namba ya simu hadi kwenye mlisho, na tangazo likishachukuliwa na visomeo vya watu huwezi kulirudisha, hata ukilifuta kwako. Ipande kartie, hali na saa, basi. Safu ya maelezo huru, ile ambayo watu huandika chochote, isipande hata siku moja, kwa sababu humo ndimo wanamotaja majirani zao.

Fedha sitazizungumzia sana. Huduma hizi hulipwa kwa dola na kwa kadi ya benki, na ndiyo sababu mojawapo ya kuipenda n8n, inayoweza kukaa kwenye kompyuta ya chuo chetu hapa, mradi umeme uwepo. Gharama ya kweli ni mega za reko na simu za mtu wa mlangoni. Mashirika ambayo yamekuwa yakichukua majibu yetu kwa miaka yote haya yana njia ya kulipia mega hizo, na kuwaomba wafanye hivyo si aibu.

Njia ikishachimbwa, mengine yatapita humo humo. Wavuvi watataka kujua siku za kufungwa kwa ziwa, kati ya 15 Mei na 15 Agosti, na bei ya ndagala Kalundu. Waliojenga karibu na maji, walioona Tanganyika ikipanda na kumeza nyumba miaka hii, watataka vipimo vya ziwa. Yaje polepole, baada ya maji kuthibitika.

Bado kuna hatari moja isiyopiga kelele. Mnyororo ukikatika, kwa sababu nywila imebadilishwa, kikomo kimefikiwa au aliyeuunganisha amehamia Bujumbura, mlisho hautasema umekatika. Utanyamaza tu, na mtangazaji atakayeona hakuna tangazo jipya atadhani robine zote zinatoa maji. Kwa hiyo kila siku saa sita mchana, hata kama hakuna kilichotokea, mlisho utoe tangazo moja: makartie yaliyoulizwa ni haya, yaliyojibu ni haya, hali ni hii. Tangazo hilo lisipofika kwa siku moja, redio zote zijue kuwa mnyororo umekufa, na mtu aitwe autengeneze. Maji yanaporudi, litoke tangazo jipya linalotaja namba ya tangazo la kwanza, ili daftari lionyeshe Kalundu ilikaa bila maji kwa saa ngapi, na hospitali ijue siku 12 zianze kuhesabiwa lini. Na kartie ambayo haikujibu isiachwe ihesabiwe pamoja na zile zenye maji. Isomwe redioni kwa jina kwamba haikujibu, na kabla ya jioni mtu wa zamu atume pikipiki huko.